Mama alipokuja maabara

Mama alikuja Dar kwa harusi, nikamwomba apitie maabara kabla hajarudi kijijini kwetu Jambiani, Unguja. Mwani ulianza kulimwa kwetu mwaka 1989, na mama alikuwa akifunga tai-tai, vile vikamba vya kushikiza mwani kwenye kamba ndefu, tangu mimi sijazaliwa. Lakini safari ya mwani wake, kwa alivyoijua yeye, iliishia kwenye gunia la mnunuzi.

Mwani wake, wa aina iitwayo spinosamu, nilikuwa nimeshauchemsha, nikauchuja na kuukausha ukawa unga uitwao karajinani. Nikauyeyusha mbele yake katika maji ya moto, nikatia chumvi kidogo ya kalsiamu, tukasubiri yapoe. Yakaganda.

"Umetia unga wa muhogo?"

"Hapana, mama. Ni spinosamu yako na chumvi tu."

Nikamweleza. Karajinani ni minyororo mirefu ya sukari iitwayo galaktosi. Kwenye moto kila mnyororo huelea peke yake. Maji yakipoa hujisokota miwili miwili, kama kamba ya usumba, kisha kalsiamu huzishikanisha kamba hizo na maji yakabaki ndani. Hakuna gundi wala mkono wa mtu.

Nikaijaza rojo ile kwenye bomba la sindano, nikaisukuma. Ikatoka imelegea, na baada ya muda ikashikamana upya. Mama akaigusa, akaigusa tena. Katika kemia yote niliyosoma sijaona kizuri kuliko hiki: kitu kinachovunjika kikajijenga chenyewe, na kinachoweza kufunika jeraha la moto likabaki na unyevu, ngozi changa isibanduke nacho.

Mwalimu wangu hakutaka mama aondoke na matumaini ya kupita kiasi. Akamwambia kwamba karajinani ikidungwa kwenye unyayo wa panya huuvimbisha, na watafiti huutumia uvimbe huo kupimia dawa. Kwa hiyo kuiweka ndani ya mwili ni kazi nyingine kabisa.

"Basi ya juu ya ngozi inatutosha," mama akasema. "Kilo watainunua bei gani?"

Lilikuwa swali la haki. Kotonii, aina nyingine ya mwani, ndiyo yenye bei, lakini maji ya bahari yakipata joto inakufa, wakulima wakabaki na spinosamu ya bei ya chini. Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, kila ninapoomba fedha za utafiti, naweka kwanza kipengele cha kusafishia mwani kulekule Unguja, kwa sababu gunia la mwani mkavu halitawalipa kamwe kama unga uliosafishwa.