Siku ya tisa ya ndama wa Biano

Saa 11 alfajiri

Bado giza. Baridi ya Julai hapa Lubumbashi si ya mchezo. Anayedhani Kongo yote ni joto na mvua aje alale kwangu, nje kidogo ya mji upande wa barabara ya Kasenga. Nimevaa koti la mume wangu juu ya kitenge, nimesimama nyuma ya zizi bila kuwasha tochi. Nasikiliza.

Ndama ni 14, wa miezi saba au minane. Tuliwanunua kwenye uwanda wa juu wa Biano, kule kaskazini mwa njia ya Likasi na Kolwezi, na leo ni siku ya tisa tangu washushwe hapa. Nahofia nimonia inayowapata ndama baada ya safari, basi nahesabu vikohozi. Jana mpaka kunakucha vilikuwa vitatu. Leo nimefika saba na jogoo hajawika mara ya pili.

Saa 12 na nusu

Papa, mchungaji wetu (ni rika la baba yangu, siwezi kumwita vingine), anamwaga pumba za mahindi kwenye hori. Nimemwomba asipige mluzi wala kuwaswaga. Ndama mgonjwa ni mjanja: ukiingia kwa kishindo anainua kichwa kama wenzake, hata kama kifo kiko mlangoni. Ukitulia kimya kama nguzo, anajisahau.

Kumi na mmoja wamekimbilia hori. Watatu wamebaki nyuma.

Namba 7 ndiye ananitia hofu. Sikio la kushoto limeanguka. Puani kuna kamasi nzito ya manjano, na vumbi limegandia juu yake. Ndama mzima hulamba pua yake kila mara. Huyu ameacha kulamba. Shingo ameinyoosha mbele, na ubavu unapanda na kushuka upesi kuliko kifua changu nilipotoka kukimbilia kamba.

Kipimajoto changu nimekifunga uzi wenye kibanio cha nguo, nakibana kwenye manyoya ya mkia. Kile cha kwanza kilimezwa na samadi, hatukukiona tena. Namba 7: 40.8. Namba 3: 40.4. Namba 11: 40.5. Ndama mzima anakaa kati ya 38.5 na 39.5. Napima asubuhi kabla jua halijawapata, maana mchana hata mzima anaweza kusoma juu ukaogopa bure.

Saa 1 na nusu

Nampigia Dokta. Ni kijana aliyesomea uganga wa mifugo hapahapa, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Anauliza swali moja: “Mama, siku ya ngapi?” Ya tisa. Anasema anakuja.

Swali hilo linanirudisha kwenye lori. Muuzaji aliniapia kwamba ndama waliachishwa ziwa mwezi mzima kabla. Usiku wa kwanza hapa walilia mpaka sauti zikakauka, nikajua nimeuziwa watoto waliotolewa chini ya mama zao siku ileile ya kupakiwa. Juu yake walichanganywa kutoka mazizi mawili, wakapigwa na upepo usiku kucha, wakakaa saa nyingi kwenye barieri (vizuizi vya barabarani) bila tone la maji. Na Likasi peke yake ni kilomita 120 kutoka hapa. Dokta anasema virusi hutangulia kuchubua njia ya hewa, kisha bakteria ambao siku zote hukaa puani mwa ng'ombe bila kumdhuru hupata nafasi ya kushuka mapafuni. Uchovu ndio unaowafungulia mlango.

Lakini siwezi kumbebesha muuzaji yote. Siku ya pili tu nilimwita mtu awahasi, kwa haraka ya kumaliza kazi. Nilipaswa kuwaacha wapumzike wiki mbili au tatu.

Saa 3

Mama jirani amekuja na chupa. Amechemsha majani ya mkaratusi, akachanganya na mafuta ya mawese, anataka tumnyweshe namba 7 kwa nguvu.

“Aksanti sana, Mama. Lakini huyu anahema, hawezi kumeza vizuri.”

“Mwanangu, mimi nimefuga kabla yako.”

Ni kweli, na sikumjibu kwa ubishi. Nilimweleza tu habari ya ndama wangu wa mwaka jana: tulimshika kichwa juu, tukammiminia, akakohoa mara moja tu. Dawa ilipita njia ya hewa. Siku mbili hakuwapo tena. Mama alinyamaza, akaweka chupa kando ya ukuta, akaomba chai.

Saa 4 na nusu

Dokta amefika na pikipiki. Hakuingia zizini, aliegemea lango dakika kumi akitazama tu. Kisha tukawapitisha wote 14, mmoja mmoja, hata wale waliokula. Nilidhani ni kupoteza muda. Namba 12, aliyekuwa wa kwanza horini asubuhi, alikuwa na 40.3. Papa alishika kidevu.

Kwa namba 7 Dokta aliweka chombo chake cha kusikilizia nyuma ya kiwiko, chini, upande wa mbele wa kifua, kwa kuwa ugonjwa huu huanzia sehemu hiyo ya pafu. Alinipa nami nisikilize. Ni sauti kama mtu anayekanyaga majani makavu.

Kabla ya sindano alipapasa matezi chini ya masikio na mbele ya bega. Anatafuta ndigana, ile inayoletwa na kupe; nayo huleta homa na kuhema, lakini matezi huvimba na dawa yake ni nyingine kabisa. Matezi hayakuvimba, kupe hatukuona. Aliuliza pia kama kule walikotoka kuna ng'ombe wakubwa waliokufa kwa mapafu, maana homa ya mapafu ya kuambukiza, ambayo ni ugonjwa mwingine, si jambo la kutibu kimya kimya, ni la kutoa taarifa serikalini. Nilimpigia muuzaji hapo hapo, amesema hakuna. Baada ya neno lake la kuachisha ziwa, nimeliandika bila kuliamini.

Tulipima kifua cha namba 7 kwa utepe: kama kilo 110. Oksitetrasaiklini ya muda mrefu, ile ya miligramu 200 kwa mililita, ni mililita 1 kwa kila kilo 10. Basi 11, akazigawa pande mbili za shingo, ndani ya msuli. Akaongeza dawa ya kushusha homa na uvimbe, ili ndama apate hamu ya kula.

Saa 6 mchana

Hapa nilipata aibu yangu. Kwa kuogopa baridi nilikuwa nimezungusha bashi (turubai) banda zima, kutoka chini mpaka bati. Nilijiona mama mwema. Dokta aliniambia: “Chuchumaa, Mama. Weka pua yako ilipo pua ya ndama.” Nilichuchumaa. Machozi yalinitoka kabla sijahesabu tano, kwa ukali wa mkojo.

Tumekata bashi. Chini tumeacha ukuta wa kufika mgongoni mwa ndama, juu tumefungua hewa ipite. Majani ya kulalia yaliyolowa tumeyatoa yote, tumetandaza makavu. Pumba sasa zinalowekwa kidogo, maana vumbi la pumba kavu nalo linaingia mapafuni, na vumbi la kiangazi letu hili jekundu linatosha. Wagonjwa wanne wametengwa, wana ndoo yao, na Papa anawahudumia mwisho, baada ya wazima.

Bukari (ugali) na sombe (kisamvu) tumekula saa 8, tumechoka hata kuongea.

Saa 9

Mchuuzi wa nyama. Sijui nani alimwambia. Anataka namba 7 leo, kwa nusu ya bei, “kabla hajakufa bure.” Nilimwonyesha alama ya sindano shingoni na karatasi ya dawa inayotaja siku za kungoja kabla ya kuchinja. Alicheka, akasema nyama haina kinywa cha kusema. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikafunga lango kwa kufuli.

Saa 12 jioni

Namba 3 amekula kidogo. Namba 12 anashangaa kwa nini ametengwa. Namba 7 amekunywa maji, hajala. Papa alikuwa ameshawasha mbabula (jiko la makaa) aiingize bandani wapate joto. Nimemwambia moshi huo ndio utakaowamaliza, na majani makavu yako pale pale. Tumeisogeza jikoni.

Saa 3 usiku

Vikohozi vinne kwa nusu saa. Nimeandika daftarini: tarehe, namba, joto, dawa. Namba 7 amelala, miguu ameikunja chini yake, kichwa amekigeuzia ubavuni. Nimemmulika kwa sekunde moja nione kama anacheua.

Hacheui. Lakini amelamba pua.

Nimetega simu iniamshe saa 10 na nusu.