Daftari la Kodi

Mwenyekiti wa mtaa alilishika daftari langu kwa ncha za vidole viwili, kama kitu kilichookotwa njia panda alfajiri. Akavaa miwani, akalifungua kutokea nyuma, akaanza kusoma kwa sauti.

"Ari wani, ari tuu, eli wani, ari tuu. Kushoto, chini, kulia, juu. Kushoto, chini, kulia, juu."

Akanyamaza. Chini ya mwembe watu wazima zaidi ya ishirini nao wakanyamaza. Mama mmoja wa Ujiji akavuta mtandio wake na kusema, "Astaghfirullahi."

Kigoma ni Kigoma. Ukikutwa na maneno ya namna ile yameandikwa kwa wino mwekundu, tena yamepigiwa mstari, usitegemee mtu afikirie kitu kingine. Na mimi niliyeyaandika nilikuwa nimekaa chini kwenye vumbi, miaka kumi na mitano, kidato cha pili, huku mama yangu yuko safu ya pili amejitanda khanga na hataki kabisa kuniangalia.

Ilikuwa Jumanne, Julai 1, 2008. Juzi yake, Jumapili, Hispania ilikuwa imeifunga Ujerumani moja bila kwenye fainali ya Kombe la Ulaya, bao la Torres. Sisi wa nyuma ya soko la Mwanga fainali yetu tuliicheza mchana, kabla ya ile ya Vienna, ndani ya banda la gemu, na ikaisha kwa mtoto wa watu kutemea jino kiganjani.

Banda lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha mabati. Mashine mbili za gemu za PlayStation 2, TV chogo mbili, benchi refu, pazia la khanga kuukuu mlangoni ili jua lisipige kwenye kioo. Pedi za kuchezea, zile zenye vitufe, zilikuwa nne, moja imefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili isifumuke. Mkoa ulikuwa bado haujaungwa na gridi ya taifa. Umeme wetu ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na ulipokatika katikati ya mchezo kila mtu alidai hela yake kwa sauti moja. Gemu la mpira lilikuwa shilingi mia kwa mechi, aliyefungwa ndiye anayelipa na mshindi anabaki. San Andreas ilikuwa kwa muda, nusu saa mia tano.

Kwa asiyeijua, hilo ni gemu la Grand Theft Auto lililotoka mwaka 2004. Kijana anaitwa CJ, anarudi kwao Los Santos kumzika mama yake, kwa hiyo linaanza na msiba kabla hata hujashika gari. Baada ya hapo fanya utakalo. Unaweza kuiba gari, kupiga watu, kununua nguo, kula mpaka CJ anenepe. CD zilitufikia ndani ya mfuko wa nailoni, jina limeandikwa kwa makapeni. Jalada halisi lilikuwa na herufi M pembeni, maana yake si la mtu chini ya miaka 17. Sisi hatukuwahi kuliona jalada.

Mimi sikuwa mchezaji hodari, niseme ukweli. Vidole vyangu vilikuwa vizito na hela sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni daftari. Kauntabuku ya kwaya mbili, mbele notisi za Historia, nyuma kodi. Kodi ndivyo tulivyoita ile mibonyezo ya siri ya pedi, zile ari wani na eli wani zikiwa majina ya vitufe vyake. Ukiipatia kwa mpangilio wake, mchezo unakufungulia kitu. Nilikuwa nalipia nusu saa kwenye intaneti kafe kule mjini, nanakili kwa mkono kwa sababu kuchapisha karatasi moja ilikuwa bei ya chapati mbili, kisha narudi bandani na elimu yangu. Aliyetaka kodi alinipa dakika zake tano. Sikuwa na jina la kujiita wakati huo. Nilijua tu kwamba napenda kujua kitu kinavyofanya kazi kwa ndani kuliko kukicheza, na kwamba pale bandani hilo halikuwa jambo la kuchekwa kama lilivyochekwa shuleni.

Mwenyekiti akaendelea. Kando ya kila kodi nilikuwa nimeandika tafsiri, maana wenzangu hawakujua Kiingereza, na mimi nilikuwa nakijifunza humo humo kwa kamusi ya dada.

"Hapa pameandikwa 'silaha zote'," akasema. Akashusha kidole. "'Polisi waondoke.'"

Watu wakaguna.

"Bwana mdogo, hii ni nini?"

"Ni kodi, mzee."

"Kodi? Mnamlipa nani kodi?"

Mtendaji alicheka, akajifanya anakohoa. Mimi nikajaribu kueleza kwamba ukibonyeza hivyo unapewa bunduki, na kila neno nililoongeza lilikuwa linanizamisha. Leo nawaelewa wale wazee. Miaka ile mabasi ya kwenda Kasulu na Kibondo yalisindikizwa na askari wenye bunduki kwa sababu ya majambazi. Silaha kwao haikuwa picha. Baba wa yule mtoto wa jino, ambaye ndiye aliyelichomoa daftari kwenye benchi kuwa ushahidi, alisimama na kusema kwamba tangu mchezo wa kuua uingie Mwanga watoto wamekuwa wanyama. Wakaitikia. Hakuna aliyeuliza siku ile walikuwa wanacheza nini.

Walikuwa wanacheza mpira. Mmoja Hispania, mwingine Ujerumani, na mwenye Ujerumani alikuwa ameishika pedi ya tyubu. Kitufe cha shuti kikagoma mbele ya goli tupu. Akadai mechi irudiwe, mwenzake akakataa, na kwenye benchi lile lile palikuwa na shilingi elfu moja ya dau. Hiyo ndiyo vita yote. TV ya pili, pale pa San Andreas, hakuna aliyegeuza hata shingo mpaka jino lilipotoka. Usiku yule mtoto aliiangalia fainali yenyewe na kitambaa mdomoni, na nasikia alishangilia.

Nilitaka kulisema hilo. Nilishindwa, kwa sababu dau lilikuwa kosa lingine na mwenye banda alikuwa ananikazia macho.

Miaka mingi baadaye, nikiwa Dar es Salaam na kazi ya kuandika programu za kompyuta, nilisoma kuhusu kikao cha Desemba 1993 kule Washington. Maseneta Joseph Lieberman na Herbert Kohl walikalia jambo lile lile: Mortal Kombat, ule mchezo ambao mshindi anaweza kumng'oa mwenzake kichwa pamoja na uti wa mgongo. Nilicheka peke yangu ofisini. Walikosa mwembe tu. Kikao chao ndicho kilichowasukuma watengenezaji kuanzisha bodi ya kuweka zile herufi mwaka 1994, hiyo M isiyofika Mwanga. Kisha mwaka 2011 mahakama ya juu ya Marekani, majaji saba kwa wawili, ikaifuta sheria ya California ya kukataza watoto kuuziwa magemu ya ukatili, na jaji Antonin Scalia akakumbusha kwamba hata kwenye hadithi za watoto za Grimm watoto wawili wanamwoka mtu kwenye tanuri. Hapo nilimkumbuka bibi yangu wa Ujiji. Zimwi lake lilitafuna watoto mifupa ikilia, na tulilala tukiwa tumebanana, na asubuhi tulitaka nyingine.

Lakini chini ya mwembe sikuwa na jaji wala bibi. Mwenyekiti alilamba kidole, akafungua ukurasa uliofuata, na hapo moyo wangu ukaanguka.

Ukurasa ule haukuwa wangu. Ulikuwa wa Daktari.

Daktari tulimwita hivyo kwa sababu ya gemu. Jina lake halisi sitaliandika. Alikuja kwa boti usiku, kutoka ng'ambo ya ziwa, na akashukia Kibirizi kwa shangazi yake aliyekuwa anauza mawese. Wenzake wengi waliovuka walikuwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Yeye alikuwa mjini, na sote tulijua bila kuambiwa kwamba hilo halisemwi mbele ya watu wa ofisi. Mwanzoni alikaa mwisho wa benchi, akiangalia. Mtu akigonga watu kwa gari kwenye kioo, anatoka nje. Siku moja akaleta mia tano yake, akaishika pedi, na badala ya kuiba gari la fahari kama sisi wote, akatafuta gari la wagonjwa.

Wengi hawakujua kwamba San Andreas ina kazi hiyo. Ukiwa ndani ya ambulensi, ukibonyeza kijiti cha kulia cha pedi, unaanza kuokota majeruhi na kuwapeleka hospitali. Hatua ya kwanza mgonjwa mmoja, ya pili wawili, hivyo hivyo hadi hatua ya kumi na mbili yenye wagonjwa kumi na wawili. Gari linabeba watatu tu kwa mkupuo, na muda unakimbia. Jumla sabini na nane. Sisi tulimcheka. Kuna mtu aliyelipa hela ili aendeshe taratibu? Akikata kona alikuwa anaongea na kioo, "Toka njiani, weye mutu, toka." Mwenzetu mmoja alimpigia kelele agonge tu, ni picha. Akajibu bila kugeuka, "Ule ni mutu."

Alijua mitaa ya Los Santos kuliko alivyoijua Mwanga. Na aliniomba ukurasa mmoja wa daftari, akachora jedwali: hatua, idadi, jumla. Kila hatua aliyoimaliza aliikata kwa rula. Alikuwa amefika ya kumi na moja.

"Hawa sabini na nane," mwenyekiti aliuliza polepole, "ni maiti?"

"Hapana, mzee. Ni wagonjwa. Wamepelekwa hospitali."

"Kwenye mchezo wa kuua?"

"Ndiyo, mzee. Humo humo."

Kimya kilikuwa cha namna nyingine sasa. Mama aliinua macho. Mtendaji, ambaye zamani alikuwa mwalimu, akasogea na kuchungulia begani kwa mwenyekiti.

"Mwandiko si mmoja," akasema. "Angalia hii saba, ina kistari katikati. Saba za huku hazina kistari. Nani kaandika?"

Mwandiko ule ulikuwa wa shule ya Kifaransa. Yeyote aliyeishi Kigoma angejua ulikotoka. Nyuma ya watu, karibu na ukuta wa mashine ya kusaga, nilimwona Daktari amesimama na dumu la mawese la shangazi yake, tayari ameshageuza unyayo mmoja.

"Ni mimi, mzee," nikasema.

"Wewe?"

"Mimi. Nilikuwa nabadilisha mwandiko."

Sijui kama mtendaji aliamini. Alinitazama kitambo, akarudi kwenye kiti chake. Mwenyekiti ndiye aliyeamini, au aliamua kuamini. Alizichana kurasa za kodi moja moja, akazichoma pale pale na majani makavu ya mwembe, na wengine walirudi nyuma moshi usiwapitie. Ukurasa wa wagonjwa akauacha. "Huu una maana," akasema mbele ya watu wote. "Bwana mdogo, ukiwa tabibu utukumbuke." Watu wakapiga makofi. Mama alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, na mimi nikainamisha kichwa kama mtu mwenye adabu.

Hukumu ilitolewa kabla ya adhuhuri. CD zote za bunduki zitoke mtaani. Mpira ruhusa, kwa kuwa mpira ni michezo. Baba wa mtoto wa jino aliridhika kabisa. Mwaka 2019 niliona utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliofanywa kwa vijana wa Uingereza, ukasema hawakuona uhusiano kati ya magemu ya ukatili na ukorofi wa hao vijana. Ningependa wangekuja kukagua ile pedi ya tyubu. Wiki mbili baada ya hukumu palipigwa ngumi nyingine, kwenye mpira tena.

Jioni ile nilishuka Kibirizi. Daktari alikuwa anasuuza madumu ufukweni, maji yamemfika magotini, na mbali kidogo wavuvi wa dagaa walikuwa wanawasha karabai zao. Nilimpa daftari. Lilikuwa limekonda, linanuka moshi. Akakausha mikono kwenye shati, akafungua ukurasa wake, akausoma mstari kwa mstari kana kwamba huenda wamepunguza mtu.

"Barisema nini?"

"Walipiga makofi."

"Bakakupigia weye?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimekuja nikitegemea shukrani, kwa kweli. Njia nzima kutoka Mwanga nilikuwa nimejiandaa kusema si kitu, ndugu yangu, ungekuwa wewe ungefanya hivyo hivyo.

Aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho, ule ambao haukukatwa. Kumi na mbili. Kisha akafunga daftari na kunirudishia.

"Sasa ni yako," akasema. "Bale batu kumi na mbili, utabapeleka weye."

Akarudi kwenye madumu yake. Nilibaki nimesimama kwenye mchanga na daftari mkononi. Sikujua hata hospitali ya Los Santos iko upande gani.