Siku moja maishani mwangu: mkutubi, katalogi na herufi ya kwanza ya neno

Saa 11:00 alfajiri

Naishi Ngamiani, Tanga, na kazi yangu ni ukutubi katika maktaba ya chuo. Nikishaswali, hata kabla ya kuteleka chai, nafungua katalogi yetu kwenye simu kuona kama iko hewani. Umeme ukikatika usiku seva huzimika, na aghalabu wa kwanza kujua huwa ni mwanafunzi aliyekesha na kazi ya kukabidhi. Leo iko hewani. Naandika neno la kujaribia, "bahari", vitabu vinajipanga, nafunga. Chai ya rangi, vitumbua viwili, baiskeli.

Saa 2:00 asubuhi

Tunafungua milango. Kuna kompyuta 4 za kutafutia vitabu karibu na kaunta, na asubuhi huwa naziwasha mwenyewe moja moja. Katalogi yetu inaendeshwa na Koha, programu huria iliyotengenezwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000. Jina lenyewe ni neno la Kimaori, maana yake zawadi. Kwetu ni zawadi kweli: hatulipii leseni, na fedha ambayo ingekwenda huko inanunua vitabu. Lakini programu haiji ikiwa inakijua Kiswahili. Sehemu kubwa ya siku yangu inaishia kwenye pengo hilo.

Saa 3:30 asubuhi

"Shikamoo, madam."

"Marahaba, mwanangu. Nikusaidie nini?"

Ni binti wa mwaka wa tatu. Anaandika utafiti kuhusu tenzi na msimamizi wake anataka orodha ya vitabu kufikia Ijumaa. Jana usiku akiwa hosteli alitafuta kwenye simu, akapata vitabu 3. Amekuja kuniuliza kama anaweza kubadilisha mada, kwa kuwa maktaba haina kitu.

Nimeshayasikia maneno hayo mara nyingi na bado yananiuma. Vitabu tunavyo. Namkalisha kwenye kompyuta, namwomba aandike vilevile alivyoandika jana. Anaandika "utenzi". Vitabu 3. Namwambia afute U ya mwanzo, iwe "tenzi". Vinakuja 6, na kati ya hivyo 5 hakuviona jana. Sasa weka D mahali pa Z, namwambia, uandike kama wanavyosema watu wa Lamu: "utendi". Halafu "tendi". Tulipojumlisha bila kurudia tulikuwa na vitabu 14. Kimoja ni cha J. W. T. Allen cha mwaka 1971, ambacho jina lake linaanza na neno Tendi. Kwa namna alivyotafuta jana asingekipata hata angekesha.

Huwa nawaeleza hivi. Lugha nyingi za Ulaya hubadilisha neno mkiani, ndiyo maana mashine za kutafutia zimewekewa nyota (*) ya mwishoni: unaandika shina, unabandika nyota, mashine inakuletea mikia yote. Kiswahili hubadilika kichwani. Mwalimu, walimu. Kitabu, vitabu. Utenzi, tenzi. Nyota ya mwishoni haikusaidii hapo, na nyota ya mwanzoni katalogi yetu haiikubali. Kwa hiyo dawa ni kuandika umoja na wingi, vyote viwili, na kuviunganisha kwa neno "or", ambalo mashine inalielewa kama "au". Akaandika mwenyewe: utenzi or tenzi or utendi or tendi. Vikaja vyote kwa pamoja, akacheka kwa furaha mpaka watu wakageuka.

Hatukuishia hapo, maana majina ya vitabu nayo yana mitego yake. Shairi la Mwana Kupona lilitungwa mwaka 1858, lakini toleo la Werner na Hichens la mwaka 1934 lina jina la Kiingereza. Ukitafuta kwa "utendi" pekee, linakupita. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya kale ina tarehe ya mwaka 1728, unaitwa pia Utenzi wa Herekali, na kwingine Chuo cha Herkal. Chuo! Katika Kiswahili cha zamani chuo ni kitabu. Kijana wa leo akiandika "chuo" kwenye kisanduku cha kutafutia ataletewa ripoti za vyuo vikuu.

Ndiyo maana namfundisha kila anayekuja jambo hili moja: ukipata kitabu kimoja tu kinachokufaa, usikimbilie rafu. Fungua rekodi yake, shuka mpaka kwenye kichwa cha mada, ubofye hapo. Kwa vitabu hivi kichwa cha mada kimeandikwa kwa Kiingereza, *Swahili poetry*, na kimewekwa na mtu aliyekishika kitabu na kukipitia, si na mashine iliyohesabu herufi. Utenzi au utendi, jina la Kiingereza au la Kiswahili, vyote vimefungwa kwa kamba hiyo moja. Alipobofya vikaja 31, na humo zimo diwani za mashairi ambazo si tenzi, lakini kuchambua kilichozidi ni kazi nyepesi kuliko kutafuta usichojua kama kipo.

Saa 5:00 asubuhi

Binti amerudi na karatasi yake. Kitabu kimoja katalogi inasema kipo, rafuni hakipo.

Tunapanga kwa mfumo wa Dewey, ule wa tangu mwaka 1876. Lugha ya Kiswahili iko 496.392, fasihi yake iko 896.392, na ushairi ni 896.3921. Mwanafunzi wa Kiswahili ana nyumba mbili, na katikati yake kuna sayansi, kilimo, mapishi na uchoraji. Kwanza nilidhani amekwenda nyumba isiyo yake. Hapana, alikuwa mahali sahihi. Tukapekua rafu ya juu na ya chini yake, hola. Nikatazama tena namba kwenye skrini, nikaenda 896.329. Kimekaa pale kimetulia. Aliyebandika lebo mgongoni alipishanisha tarakimu mbili, na kitabu kikapotea miaka sijui mingapi kwa sababu ya 2 na 9. Nimechapa lebo mpya hapohapo. Kitabu kilichokosewa lebo ni sawa na kitabu kilichoibwa, tofauti yake ni kwamba kinaendelea kula vumbi lako.

Saa 6:20 mchana

Umeme umekatika. Kompyuta kimya, feni kimya. Bado tuna kabati la zamani la kadi, na nashukuru kwamba nilikataa lisitupwe. Vijana wawili wa mwaka wa kwanza walikuwa hawajawahi kuvuta droo ya namna hiyo. Nikawaonyesha kadi ya mwandishi, kadi ya jina la kitabu, kadi ya mada. Kwenye kadi hizo Shaaban Robert yuko droo ya R, na kwenye kompyuta tulimkuta chini ya majina mawili tofauti mpaka mwaka jana tulipomkusanya mahali pamoja. Mtu aliyezaliwa hapahapa Tanga mwaka 1909, halafu kwenye maktaba ya Tanga vitabu vyake vimegawanywa kama mirathi. Kazi ile ilinichukua wiki mbili za jioni na nisingemwachia mtu mwingine.

Wali, mbaazi za nazi. Umeme umerudi saa 8 kasorobo.

Saa 9:00 alasiri

Mzee mmoja amekuja, kofia mkononi. Si mwanafunzi, lakini wakazi wa mjini tunawaruhusu kusoma humu ndani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kitabu cha katani."

Alikuwa karani kwenye shamba la mkonge tangu ujanani mpaka alipostaafu. Wajukuu zake hawaamini akiwasimulia jinsi zao hilo lilivyoujenga mji huu, na anataka awaonyeshe maandishi. Tumeandika "katani": kimetokea kitabu 1, nacho ni cha kusuka mazulia. Akaniangalia. Nikamwambia avute kiti.

Katani ni uzi, mkonge ni mmea. "Mkonge" imetupa 3. Kisha "sisal", kama Wazungu walivyoandika, na hapo vikaongezeka. Kilichotufungulia mlango kabisa ni jina la nchi. Mzee alitaka Tanzania, lakini Tanzania kama jina ni la mwaka 1964. Kitabu kilichochapwa mwaka 1950 kinasema Tanganyika, na cha kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kinasema Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mashine haijui kwamba ni ardhi ileile. Mwenye kutafuta historia ya hapa lazima abadilishe majina kama nchi yenyewe ilivyobadilishwa.

Tukapata kitabu chembamba cha wakati wa Waingereza, chenye picha za mitambo ya kuchakata majani. Kimo pia kisa cha Richard Hindorf, Mjerumani aliyeleta miche kutoka Florida mwaka 1893, na ni 62 tu iliyofika hai. Mzee alikuwa anakijua kisa hicho kwa masimulizi. Alipokiona kimeandikwa aliweka kidole kwenye ile 62 akakiacha hapo kwa muda mrefu. Nikaondoka taratibu nikaenda kushughulika na mambo mengine. Amesema atarudi Jumatano na mjukuu wake, na safari hiyo mjukuu ndiye atakayeandika kwenye kompyuta.

Saa 10:15 alasiri

Sasa kazi yangu mwenyewe. Mezani kuna boksi la vitabu vya msaada. Vingi naweza kuvuta rekodi zake kutoka maktaba kubwa za nje, sina haja ya kuandika upya. Lakini rekodi hizo huja na vichwa vya mada vya Kiingereza tu. Kitabu cha ufugaji wa kuku, kilichoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya mfugaji wa Muheza, mada yake inasomeka *Poultry*. Mfugaji ataandika "kuku", na kama jina la kitabu halina neno kuku, imekula kwake.

Kwa hiyo kila rekodi naiongezea uga (nafasi ya kujazia taarifa) wa 653, ule unaoruhusu maneno ya kawaida yasiyotoka kwenye orodha rasmi. Naandika kuku, ufugaji, mfugaji, wafugaji, mifugo. Umoja na wingi. Rekodi moja hunichukua dakika 4 au 5 za ziada, na nimewahi kuambiwa kwamba naichelewesha kazi. Sikubali. Tunamwandikia nani katalogi, kama mwenye lugha yake anatafuta kwa lugha yake na anatoka mikono mitupu?

Ndani ya boksi imo nakala ya Al-Inkishafi, utenzi wa kale wa Kiswahili, imechakaa jalada lakini kurasa zote zipo. Uga wa jina la kitabu unauliza iruke herufi ngapi wakati wa kupanga. Kwa vitabu vya Kiswahili jibu langu karibu siku zote ni 0, maana hatuna vijineno vya mbele kama Waarabu au Waingereza. Kwa hiki nimeweka 3, ile Al na kistari chake, ili kipangwe kwenye I. Nimefurahi kuliko inavyostahili, nadhani.

Kabla ya kufunga nimerudi kwenye vitabu vya mzee. Vyote vya mkonge nilivyoviona mchana nimeviongezea: mkonge, mikonge, katani, mashamba ya mkonge, Tanganyika, Tanzania, Tanga. Halafu nikafanya zile 14 za binti: utenzi, tenzi, utendi, tendi. Mlinzi alishakuja mara mbili kunigongea dirisha.

Saa 3:00 usiku

Watoto wamelala. Nafungua simu, naingia kwenye katalogi, naandika "katani". Mchana kilikuwepo kimoja, cha mazulia. Sasa vipo 8, na cha pili kutoka juu ni kile chembamba chenye picha za mitambo.