Kulitafuta gitaa kavu ndani ya mashine ya dijitali

Mashine za kuiga sauti, hizi za kukanyaga kwa mguu zenye kompyuta ndani yake, zilibuniwa kwanza kwa ajili ya gitaa la umeme, na jambo hilo halijafichika hata leo. Ukiiwasha Line 6 HX Stomp, ambayo ndiyo ninayoitumia na iliyotoka mwaka 2018, unakutana na orodha ndefu ya amplifaya za kuigizwa, makabati ya spika na vikolezo vya kukwaruza sauti, vyote vikimsubiri mpiga solo. Mimi kwenye kwaya na kwenye bendi yetu ndogo ya hotelini hupiga gitaa kavu, na usiku huu, baada ya kuipanga upya sauti yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, nimeona niandike jinsi ninavyolielewa jambo hili sasa, kwa kuwa nimeanza kuamini kwamba kinachokosekana katika sauti ya gitaa kavu lililochomekwa waya si trebo wala besi, bali ni mwili wa gitaa lenyewe.

Tuanze na amplifaya, kwa sababu hazihitaji maneno mengi: nimeziondoa zote. Spika ya amplifaya ya gitaa la umeme hunyamazisha karibu kila kitu kilicho juu ya kilohezi 5 au 6, yaani mitikisiko elfu tano au sita kwa sekunde, na huko ndiko unakokaa mguso wa ukucha juu ya uzi na ule mng'ao wa nyuzi mpya. Kulipitisha gitaa kavu kwenye kabati la namna hiyo ni kulifunga mdomo. Nilichokibakiza ni kikuza sauti cha studio cha kuigizwa, tena kwa kiwango kidogo, na kusema kweli hata kikizimwa sioni tofauti ya kunikosesha usingizi.

Habari yenyewe iko kwenye pikapu, kile kinasa sauti kilichomo kwenye gitaa. Magitaa makavu mengi yanayouzwa madukani yana pikapu ya piezo, ukanda mwembamba uliolazwa chini ya ule mfupa unaobeba nyuzi juu ya daraja. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme, na pikapu hii hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: uzi unapotikisika huubana mfupa, mfupa huubana ukanda, nao ukanda hutoa umeme. Kwa hiyo pikapu hupima msukumo. Haisikii ubao wa mbele ukipumua, haisikii hewa iliyomo tumboni mwa gitaa ikiingia na kutoka kwenye tundu, haisikii mgongo wala chumba. Mpigaji aliyelikumbatia gitaa lake huvisikia vyote hivyo kwa pamoja, kisha akichomeka waya anapata mlio mgumu na wa haraka mno, kama mpira uliovutwa juu ya kopo la bati, halafu anailaumu mashine.

Kabla ya kuilaumu, kuna mlango wa kuingilia wa kuuangalia. Piezo isiyo na kikuza sauti chake hutaka mlango wenye ukinzani mkubwa, angalau megaohmu 1, la sivyo besi humwagika njiani na kinachofika ni vijiti vitupu. Mashine yangu huniruhusu kuchagua ukinzani huo, na nimeuweka kwenye kiwango cha juu kabisa badala ya kuiachia mashine ijichagulie yenyewe kulingana na kikolezo kinachotangulia. Gitaa lenye kikuza sauti ubavuni, lile linalokula betri ya volti 9, halina tatizo hilo, ila betri ikikaribia kuisha sauti huanza kupasuka kwenye mapigo makali. Nimewaona watu wakibadilisha mpangilio mzima wa mashine kwa ajili ya betri.

Sasa mwili. Watu wengi, nami nikiwamo, huanza kwa kuutafuta mwili wa gitaa kwenye ikwalaiza, vile vitufe vya kupandisha na kushusha besi, sauti za kati na trebo, wakiongeza hapa na kupunguza pale. Ikwalaiza ya vitufe vinne hutengeneza vilima vinne. Mwili wa gitaa una vilima na mabonde mengi, mengine membamba sana, na kila kimoja huendelea kuvuma kwa muda wake baada ya uzi kupigwa kabla hakijanyamaza. Ramani ya namna hiyo haichorwi kwa mkono, ila inaweza kunakiliwa, na nakala yake ni faili fupi la sauti ambalo wapigaji huliita IR, kifupi cha Kiingereza cha impulse response. Ndani yake mna jibu ambalo mwili wa gitaa hulitoa ukipigwa pigo moja fupi, na mashine hulitandika jibu hilo juu ya kila sauti inayotoka kwenye pikapu. Kampuni ya Fishman ilikuwa imekwisha kuuza wazo hilo kwa wapiga gitaa kavu kwa jina la Aura miaka mingi kabla mashine yangu haijatoka, kwa hiyo hakuna ugeni hapa. Ugeni ni kwamba siku hizi mtu anaweza kujitengenezea faili lake nyumbani.

Kazi hiyo hufanyika hivi. Unaweka maiki ya kondensa sentimita 30 hivi mbele ya gitaa, ikielekea freti ya 12 na si tundu, kwa sababu mbele ya tundu mna mvumo mwingi unaoficha mengine. Unachomeka pia waya wa pikapu, kisha unarekodi njia zote mbili kwa wakati mmoja: nyuzi moja moja, kodi kamili, chini kabisa ya shingo na juu kabisa, taratibu na kwa nguvu. Baadaye programu ya kompyuta hulinganisha njia hizo mbili na kuandika tofauti yake. Ukikaa Dar es Salaam lazima uzime pangaboi, ufunge madirisha, na usubiri bodaboda ipite, kwa hiyo kazi hufanyika usiku na shati hulowa. Mimi niliweka blanketi mlangoni na godoro ukutani nyuma ya maiki, kwa kuwa sikutaka chumba changu kiingie kwenye faili. Chumba kikishaingia humo hakitoki, na utakibeba hadi kanisani.

Jambo dogo lililonipa faida kubwa ni kulikata faili mwanzoni. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kutoka kwenye gitaa hadi kwenye maiki iliyo sentimita 30 mbele huchelewa karibu milisekunde 0.9, huku ile ya waya ikiwa imeshafika. Ucheleweshaji huo ukibaki ndani ya faili, siku utakapochanganya sauti ya waya na sauti ya faili zitakatana: baadhi ya noti zitanona, nyingine zitapwaya, na hutajua kwa nini. Nilikuza picha ya mawimbi kwenye skrini, nikakata ukimya wa mwanzo hadi pale wimbi linapoanza kuinuka, na kuanzia hapo noti za uzi wa nne zilizokuwa zikizama zikarudi. Urefu nao una maana. Mashine yangu hupokea mafaili ya sampuli 1024 au 2048, yaani vipimo vidogo vya sauti vinavyofuatana, na kwa kuwa hufanya kazi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, lile fupi ni kama milisekunde 21 na lile refu ni kama milisekunde 43. Kwa kabati la gitaa la umeme lile fupi linatosha. Mivumo ya chini ya gitaa kavu hudumu zaidi, kwa hiyo nachukua lile refu na kukubali kwamba litakula nguvu ya mashine.

Baada ya hapo ni kuchanganya. Faili likichukua sauti yote, gitaa husikika kama kaseti nzuri inayopigwa chumba cha pili. Linapendeza peke yake, lakini likiingia kwenye bendi linapotea. Naliacha kwenye asilimia 60 hivi na kubakiza sauti ya waya chini yake, kwa kuwa ule mguso mgumu wa piezo, uliokuwa kero ukiwa peke yake, ndio unaolifanya pigo lisikike kando ya ngoma. Mafaili yanayouzwa ya magitaa ya bei kubwa nimeyajaribu pia. Mengine ni mazuri, lakini nayapokea kwa tahadhari: faili la namna hii husahihisha tofauti kati ya maiki fulani na pikapu fulani, na aliyelirekodi hakuwa na pikapu yangu wala mfupa wangu wa daraja. Linaweza kukupunguzia kitu ambacho gitaa lako tayari halina.

Lakini sauti nzuri ni ipi? Mipangilio mingi inayokuja na mashine hizi huelekea gitaa linalong'aa mno, lenye besi pana chini na vumbi la fedha juu, sauti ya mwimbaji mmoja na gitaa moja ndani ya studio ya Marekani. Masikio yangu hayakulelewa humo. Wazee wanaposema galatoni, jina lao la gitaa kavu, kinachonijia ni upigaji wa Katanga, wa kidole gumba na cha shahada, kama ule wa Mwenda Jean-Bosco aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Katika rekodi hizo gitaa limekaa katikati, lina pua kidogo, kila noti imesimama peke yake, na besi haijinyooshi. Mashine haikatai kwenda huko, ila haikupeleki yenyewe. Nimepunguza taratibu kila kilicho juu ya kilohezi 8 na kuiacha sehemu ya kati, ile iliyo chini kidogo ya kilohezi 1, ambayo karibu kila mpangilio wa kiwandani huichimba shimo.

Ikwalaiza, basi, imebaki na kazi ya kupunguza. Uzi mzito kabisa ukiwa wazi hutoa hezi 82 hivi, kwa hiyo nikipiga peke yangu nakata kila kilicho chini ya hezi 80, na gitaa la besi likiwapo napandisha hadi 110 bila huruma, maana huko chini si kwangu. Ukali wa piezo nimeukuta kati ya kilohezi 1.5 na 2.5, nimepunguza desibeli 3 tu, kwa sababu faili lilikuwa limeshafanya sehemu kubwa ya kazi. Kompresa, inayobana mapigo makali, iko kwenye uwiano wa mbili kwa moja, nayo inachelewa kidogo kushika ili pigo la mwanzo lipite. Rivabu, yaani mwangwi wa kuigizwa, ni ya chumba kidogo. Kanisa letu lina dari refu na sakafu ya vigae, lina rivabu yake ya bure.

Kilichobaki hakiwezi kupangwa nyumbani. Tangu mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson walionyesha kwamba sikio la mwanadamu, sauti ikiwa ndogo, halisikii vizuri za chini kabisa wala za juu sana, kwa hiyo mtu anayepanga gitaa lake usiku kwa hedifoni au kwa spika iliyoshushwa ili watoto wasiamke huongeza besi na trebo mpaka aridhike, kisha ukumbini vyote viwili humrukia usoni. Mimi sasa hulinganisha faili na waya nyumbani, lakini ikwalaiza siigusi mpaka niwe kwenye mazoezi, spika zikiwa kwenye sauti ya ibada. Fundi mitambo wetu namwomba mambo mawili kabla sijapiga hata noti moja: vitufe vya chaneli yangu vikae katikati, na ule umeme wa volti 48 wa maiki uzimwe kwenye chaneli yangu. Jumapili iliyopita alinifuata baada ya ibada.

"Kaka, leo gitaa lako halijavuma hata mara moja. Umelifanyaje?"

"Nimelikata kwenye hezi 100 hivi, fundi, kwa wembe mwembamba. Na tundu nimeliziba kwa ile raba."

Hezi 100, zaidi au pungufu kidogo, ndipo hewa iliyomo ndani ya gitaa kubwa hupenda kuvuma, na monita, ile spika inayomwelekea mpigaji, ikielekezwa kwenye tundu hupachokoza hapohapo. Mkato mwembamba huondoa noti moja au mbili za uvimbe bila kuligusa gitaa lililobaki. Fundi alitaka kujua kama dawa hiyo inafaa pia kwa gitaa la mwenzetu wa ibada ya pili, lenye mwili mdogo, nami nikamwambia apatafute mahali pake mwenyewe: ainue kitufe chembamba, akisogeze polepole mpaka gitaa lilie, kisha akishushe hapohapo.

Linalonisumbua sasa ni nyuzi. Faili langu nililirekodi zikiwa mpya, na hewa ya pwani hii huziua haraka. Zikishapoteza mng'ao, faili lilelile huifanya sauti kuwa nzito kuliko ninavyotaka. Unyevu nao huuvimbisha ubao, nyuzi zikanyanyuka kutoka kwenye shingo, na mwili wenyewe hujibu kwa namna nyingine. Kabla sijabadilisha nyuzi wiki ijayo nitarekodi faili la pili kwa hizi zilizochoka, maiki ikiwa palepale, ili niwe na kanyagio moja la nyuzi mpya na jingine la nyuzi za mwisho wa mwezi.