Picha ya harusi

Jamani, nimetoka kwenye mkutano wa mtaa sasa hivi, hapa Kigogo, Dar.

Mtaro umejaa chupa na mifuko, na masika hayooo yanakuja. Mwenyekiti kaongea weee, watu wako kwenye simu zao.

Akasimama bibi mmoja, jirani yetu. Akafungua pindo la kanga, akatoa picha yake ya harusi. Ililowa Desemba 2011, mto Msimbazi ulipofurika.

Shela linaonekana. Mkono wa bwana harusi unaonekana. Uso wake umebaki doa la kahawia.

"Sina nyingine ya marehemu."

Picha ikapita mkono kwa mkono. Kijana wa bodaboda ndiye aliyeuliza wa kwanza: koleo zipo?

Jumamosi saa moja asubuhi tunazibua. Nani ana toroli? Na huko kwenu, kisa cha nani kiliwahi kuwainua vitini?