Usiku Ule Juba ya Chini

Vijana wa hapa Nakuru wanaojiandaa kwenda kuandikishwa jeshini huniuliza kuhusu ujasiri. Mimi huanza na udongo, kwa sababu usiku ule wa 2013, Al-Shabaab walipoishambulia kambi yetu ya jeshi la Kenya kule Juba ya Chini nchini Somalia, wengi wetu tuliokolewa na kazi iliyofanywa mchana.

Ardhi ya kambi ilikuwa mchanga. Aliyewahi kuchimba handaki Lanet, hapa Nakuru, anaujua udongo wa majivu ya volkano unavyomeguka. Mchanga ni mbaya zaidi. Ukichimba hadi kifuani bila kuzuia kuta, mtikiso wa kombora la kwanza unakufukia pamoja na bunduki yako. Kuta tulizizuia kwa mabati na magunia. Gunia halijazwi pomoni. Linajazwa robo tatu, mdomo unakunjiwa chini, kisha linapigwa kwa beleshi hadi liwe bapa, likae imara juu ya jingine. Paa lilikuwa la magogo, na juu ya magogo sentimita 45 za udongo, zinazotosha kuzuia vipande vya mabomu ya mota, ule mzinga mdogo unaorusha mabomu juu. Sajini alipima kila paa kwa fimbo. Palipopungua, mlirudia, hata kama jua lilikuwa linazama.

Mbele ya kila mtu kulichomekwa vijiti viwili, kushoto na kulia. Gizani humwoni mwenzako wa handaki la pili, lakini mtutu ukigonga kijiti unajua usiupitishe hapo, usije ukampiga.

Al-Shabaab walichagua mvua, maana mvua humeza mlio wa nyayo na humfanya mlinzi ajikunyate. Walinzi wetu walikaa wawili wawili. Saa kumi kasorobo usiku, waya wa taa ya kutega upande wa kusini ulivutwa, vichaka vikawa vyeupe. Taa ile huwaka kwa muda wa dakika moja hivi. Inapowaka, fumba jicho unalolengea shabaha, kwa sababu jicho lililopigwa na mwanga huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza tena.

Yakaja makombora mawili ya RPG, yale yanayorushwa kutoka begani, kisha rasharasha za risasi. Risasi inayokupita karibu hupasua hewa kwanza, pa! Mlio wa bunduki yenyewe, du, hufuata. Huo wa pili ndio unaokuonyesha mpigaji alipo, na sekunde moja kati ya milio hiyo ni kama mita 600. Usiku ule milio ilikuja karibu pamoja. Walikuwa wametufikia.

Hapo ndipo askari wengi humaliza risasi. Magazini ya G3, bunduki tuliyobeba, ina risasi 20. Ukiiachia mfululizo inakwisha kwa sekunde mbili tu, mtutu unapanda, na nyingi zinaishia angani. Tulipiga moja moja. Bunduki ya mkanda ilipiga vipindi vifupi, risasi tatu hadi tano, na mpigaji wake alikuwa ameondoa tresa, risasi zinazong'aa zikiruka, mchana, kwa kuwa ule mstari mwekundu humwonyesha adui pa kulenga.

Mota zetu zikarusha mabomu ya mwanga yanayoshuka kwa parachuti. La kwanza lilisukumwa na upepo likaelea hadi nyuma yetu, tukawa sisi ndio tunaoonekana. Luteni akasahihisha redioni: ongeza mita 200. La pili likaning'inia juu yao.

Koplo mmoja, mtu wa Kakamega, alipigwa pajani. Damu ya mshipa mkubwa hutoka kwa kuruka, na mtu anaweza kufa kwa dakika chache. Aliyekuwa naye handakini hakupoteza muda na bandeji. Mkanda wa kukaza, ule wa kuzuia damu, sote tuliuweka mahali pamoja, kifuani upande wa kushoto, ili mkono wa yeyote uufikie gizani. Aliufunga pajani, juu zaidi ya jeraha, akazungusha kijiti chake.

"Legeza, ndugu yangu, unaniua."

"Vumilia, afande."

Akaendelea kuzungusha mpaka damu ikakoma. Maumivu yale ni makali mno, na anayelegeza kwa huruma humpoteza mwenzake. Kisha akamwandika kwenye paji la uso, kwa kalamu ya wino mzito: 0350, yaani saa kumi kasoro dakika kumi usiku. Mganga wa jeshi lazima aijue saa hiyo, maana baada ya saa mbili hivi misuli iliyonyimwa damu huanza kuharibika.

Walirudi nyuma kabla ya mapambazuko. Hatukuwafuata, njia waliyopita ingeweza kuwa imetegwa mabomu. Nusu yetu walisafisha bunduki, nusu wakalinda, kisha tukabadilishana. Risasi zilihesabiwa na kugawanywa upya. Maiti za adui hazikuguswa hadi wataalamu wa mabomu walipozikagua, na tuliwafunika wenzetu waliotangulia mbele za haki.

Helikopta ilitua kulipokucha. Mganga alisoma zile tarakimu nne, akatazama saa yake, akaamuru koplo apakiwe wa kwanza. Mguu haukukatwa.