Siku moja maishani mwangu: nishati safi Iringa mjini, saa kwa saa

Saa 1:00 asubuhi, jikoni

Ukitaka kujua kama mfumo wa gesi wa shule ya bweni unafanya kazi, nenda uji unapopikwa. Ukifika saa nne utaonyeshwa majiko yanayong'aa na kitabu cha wageni. Kwa hiyo kazi ya afisa mazingira anayeshughulikia nishati safi huanzia hapa, kabla ofisi ya Manispaa haijafunguliwa.

"Kamwene mama."

"Kamwene mwanangu. Gesi imekwisha tena, na mitungi waliileta juzi tu."

Haijaisha. Mtungi wa kilo 38 umeganda barafu nyembamba nje, kuanzia chini hadi usawa wa gesi ya kimiminika iliyobaki ndani. Gesi inapogeuka mvuke hunyonya joto la mtungi. Ukiivuta kwa kasi mtungi unapoa, mgandamizo unashuka, moto unafifia. Jiko kubwa la kilowati 30 hula kilo mbili na ushee kwa saa, lakini mtungi mmoja katika baridi ya Iringa ya Juni na Julai hautoi mvuke wa kudumu wa zaidi ya kilo moja hivi kwa saa. Dawa ni kuunganisha mitungi mitatu au minne kwenye bomba moja ili igawane mzigo. Kuimwagia maji ya moto, kama ninavyokuta jikoni mara nyingi, si dawa, ni hatari. Mitungi ikae nje, kwenye kizimba chenye matundu usawa wa sakafu, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa chini. Maungio yapimwe kwa povu la sabuni kila mtungi unapobadilishwa.

Kabla ya kuondoka napima kuni zilizobaki kwenye jiko la zamani. Hapa ndipo makadirio mengi huharibika. Kilo moja ya kuni kavu ina megajuli kama 16, kilo ya gesi 46. Lakini mafiga hufikisha kwenye sufuria asilimia 12 hivi ya joto, jiko banifu la taasisi asilimia 30, jiko la gesi kama 50. Shule iliyokuwa ikichoma kilo 180 za kuni kwa siku kwenye mafiga itahitaji kilo 15 za gesi. Ikiwa kilo hizo hizo 180 zilikuwa zikiungua kwenye jiko banifu, itahitaji karibu 38, yaani mtungi mzima kila siku. Anayekadiria gesi kwa kuhesabu lori za kuni bila kuuliza ziliungulia wapi anaweza kukosea zaidi ya mara mbili, na shule ikaishiwa muhula ukiwa katikati.

Halafu kuna mwinuko. Mji uko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na maharage hayana haraka. Kuyaloweka usiku kucha na kufunika sufuria kwa mfuniko unaokaa sawasawa kunaokoa gesi kuliko kifaa chochote nilichowahi kuona kikitangazwa.

Saa 3:00, ofisini

Barua ya kwanza inatoka shule ya kutwa inayopikia wanafunzi 600 chakula cha mchana. Wamewekewa majiko ya gesi, wanaomba gesi. Barua za namna hii ni nyingi kuliko za kuomba majiko, na sababu yake haiandikwi: kuni hazikuwa zikinunuliwa. Mwanafunzi alikuja na kuni begani, ukawa ndio mchango wa mzazi. Siku kuni zinapopigwa marufuku, mchango huo unapaswa kugeuka fedha taslimu, na hakuna kikao cha wazazi kilichokaa kukubaliana.

Marufuku yenyewe haina utata. Mwisho wa kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ulikuwa 31 Januari 2024. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Lakini agizo halina kifungu cha bajeti, na sufuria haisomi mkakati.

Hesabu ninayoiandikia shule ni hii: kilo 12 za gesi kwa siku, mara siku 194 za masomo, ni kilo 2,328. Hiyo ni mitungi 62 ya kilo 38 kwa mwaka. Gawa kwa wanafunzi 600, unapata chini ya kilo nne kwa kila mwanafunzi. Ukimwambia mzazi "mitungi 62" anashtuka. Ukimwambia kilo nne kwa mwaka mzima anaanza kuuliza italipwa kwa awamu ngapi.

Saa 5:00, kikao cha kamati

Mheshimiwa diwani anauliza kinachoulizwa kila kikao: "Si wafadhili walishaleta majiko? Fedha nyingine za nini?"

Jibu langu ni jedwali lenye safu mbili. Ya kwanza ni vifaa: majiko, mabomba, kizimba, mafunzo ya wapishi. Hivyo hupatikana, kwa sababu vina siku ya uzinduzi na utepe wa kukata. Ya pili ni uendeshaji: kujaza gesi, mipira na regyuleta mpya, betri za taa za barabarani, fundi. Safu hii haina uzinduzi, na ndiyo inayoua miradi. Ninachopendekeza ni kwamba mradi wowote wa nishati usipitishwe kama mstari wa uendeshaji haujaingizwa kwenye mapato ya ndani, au kama hakuna muhtasari wa kikao cha wazazi unaoonyesha nani analipa. Mradi wa bure usio na mstari huo urudishwe. Wengine wanaona huo ni ukaidi. Waende wakahesabu majiko ya gesi yanayotumika kama meza za kuwekea sahani.

Kikao kinaomba marekebisho madogo ya maneno. Chakula cha mchana.

Saa 7:30 mchana, kikundi cha mkaa mbadala

Mashine za mbao za ukanda wa Sao Hill, wilayani Mufindi, hutoa maranda ya misindano kuliko yanavyoweza kutumika, na vikundi vingi vinaomba mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani (asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu) ili vitengeneze mkaa wa maranda. Ninachoangalia kwanza ni turubai la kuanikia. Tofali la mkaa lenye unyevu unaozidi asilimia 10 hivi hulipuka vicheche na kutoa moshi, mteja harudi. La pili ni gundi: uji wa unga wa muhogo, unga ukiwa asilimia 5 hadi 8 ya uzito, unatosha. Ukizidisha, moto unapooza. La tatu: maranda yawe yamechomwa kwanza kuwa unga wa mkaa, la sivyo utomvu wa msindano utajaza masizi jikoni.

Kuna mama anauliza kuhusu jiko la umeme la presha. La lita 6, wati 1,000, huivisha nusu kilo ya maharage kwa uniti 0.4 hivi, na kwa mwinuko huu presha ndiyo hasa inayotakiwa. Tahadhari moja: aliye kwenye D1, bei nafuu ya watumiaji wadogo wa nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ilimradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Mapishi yote ya nyumba yakihamia kwenye umeme yanaweza kuongeza uniti 30 hadi 45. Atazame matumizi yake ya LUKU ya miezi mitatu kabla ya kununua.

Saa 9:30, juu ya paa

Pendekezo la sola ya kilowati 10 kwa jengo la ofisi. Uniti 4 kwa kila kilowati kwa siku ni kadirio la kiasi, hivyo uniti 40. Kwa siku 22 za kazi ni 880, na kwa T1, bei ya kawaida ya shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, akiba ni kama 257,000 kwa mwezi. Wikendi siihesabu hadi mkataba wa kurudisha umeme gridi usainiwe. Na wakubwa waelezwe mapema: inveta ya gridi isiyo na betri hujizima umeme wa TANESCO ukikatika, kwa usalama wa mafundi walio kwenye nyaya. Asiyeelezwa hili atasema amepigwa.

Saa 11:00 jioni, Ipogolo

Napita ukingo wa Mto Ruaha Mdogo na futi kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60. Bustani za mboga ziko ndani ya mita hizo. Maji haya yanaelekea Ruaha Mkuu na bwawa la Mtera, megawati 80, kisha Kidatu, megawati 204. Mwaka 2006 Mtera ilipopungukiwa maji, nchi nzima iliijua kwa mgao wa umeme. Leo hakuna faini, ni kuweka vigingi na kuandika majina ya viongozi wa mtaa.

Saa 1:30 usiku, taa za sola

Lebo ya taa ya barabarani inasema "wati 200". Puuza lebo, fungua betri. Taa inayokula wati 40 kweli, kwa saa 12, inahitaji wati-saa 480. Usiku mbili bila jua ni 960; betri ya lithiamu isishushwe zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo 1,200. Paneli ya wati 160, ikielekea kaskazini, iinamishwe nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iioshe. Kwenye zabuni inayokwenda NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, naandika lumeni (kipimo cha mwanga), wati-saa za betri na ukubwa wa paneli, neno "wati" la taa siliandiki kabisa. Na mstari wa mwisho wa jedwali la bei: betri za kubadilishia mwaka wa tano, zikiwa na bei yake.